Weka Pampu Chini, Shika Geji

Kijana fundi, weka chini hiyo pampu mpya. Hata boksi lake usilifungue. Pikapu iliyo mbele yako, Toyota ya zamani yenye injini ya 22R-E, inatoa moshi mweusi, inanuka petroli tangu getini, na mwenyewe analalamika kwamba inakunywa mafuta kuliko lori. Imeshabadilishwa plagi. Imeshabadilishwa nozeli. Imeshalala gereji za watu na bado. Sasa unataka kuipa pampu kwa sababu pampu ndiyo pekee ambayo haijaguswa. Huko ni kupiga ramli, na wewe hukuja gereji kusomea uganga.

Nataka leo ufanye jambo moja ambalo waliokutangulia kwenye gari hili hawakulifanya. Pima presha ya mafuta.

Najua kinachokurudisha nyuma. Vijana wengi wa gereji za mitaani wameshajiambia kwamba gari lolote lenye nozeli na kompyuta ni la wakubwa, la wale wenye mashine ya kuchomeka chini ya usukani na kusoma makosa kwenye kioo. Wao wamejiachia kabureta na breki. Nani aliwaambia? Toyota ilifunga 22R-E, silinda nne, lita 2.4, kwenye pikapu zake tangu miaka ya 1980 hadi 1995. Soketi ya OBD-II ambayo mashine nyingi za leo zinaitegemea ilianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya 1996. Tena injini hii haina sensa ya presha ya mafuta hata moja. Kompyuta yake haijui kama kwenye reli kuna psi 35 au 70. Inaamini tu kwamba presha ni ile ya kiwandani, inafungua nozeli kwa milisekunde chache kwa imani hiyo, basi. Hakuna mashine ya kukusomea kitu ambacho gari lenyewe halikipimi. Kwa ugonjwa huu, wewe na yule mwenye gereji ya vigae mko sawa. Mnachohitaji wote ni geji ya mshale na kichwa kilichotulia.

Haya, kielewe kwanza unachokipima. Pampu ya umeme ndani ya tanki inasukuma mafuta, yanapita kwenye filta, yanaingia kwenye reli inayolisha nozeli nne. Pampu siku zote inaleta mengi kuliko injini inavyohitaji. Yanayozidi yanarudi tankini kwa bomba la pili, na mlango wa kurudia uko kwenye kidude cha chuma kwenye reli: regyuleta. Ndani yake mna kiwambo na springi. Upande mmoja wa kiwambo kuna mafuta, upande wa pili springi inayokisukuma, pamoja na mpira mwembamba unaotoka manifoldi. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, manifoldi inavuta kwa nguvu, uvutaji huo unasaidia kukiinua kiwambo, mafuta mengi yanarudi na presha inashuka. Ukikanyaga, uvutaji unapungua na presha inapanda.

Rudia kusoma hapo, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Pampu iliyochoka hushusha presha. Haiipandishi. Labda kama mtu alifunga pampu ya injini kubwa zaidi, inayoleta mafuta mengi kuliko njia ya kurudia inavyoweza kupitisha. Ukiacha hilo, presha ikizidi, shida iko kwenye kurudi: mpira mwembamba, regyuleta, au bomba linalokwenda tanki. Sehemu tatu tu. Gari lililowashinda watu linakuwa na sehemu tatu za kuangalia, na mbili kati yake huenda zisigharimu hata bei ya chakula cha mchana.

Kabla ya geji, usalama, na hapa sitanii. Petroli iliyo kwenye presha ikipata upenyo inaruka kama mvuke. Acha injini ipoe. Toa relei ya pampu, piga stata mpaka injini isiwake tena, kisha toa waya wa hasi wa betri. Mama lishe wa jirani mwombe asogeze jiko lake. Anayevuta sigara atoke nje hata kama ndiye mwenye gari. Kizima moto cha poda kiwe karibu na mkono wako, kisiwe ofisini kwenye kabati.

Kwenye 22R-E utapata pa kufungia geji pale bomba la nozeli ya kuwashia baridi linapoungana na reli. Ni bolti yenye tundu katikati, imebanwa na washa mbili, moja kila upande. Funika kwa kitambaa, ilegeze taratibu, acha mafuta yaliyobaki yanywewe na kitambaa. Washa hizo usizirudishe. Zimeshabonyea kwa umbo la zamani, na ukizirudisha utaona tone linajikusanya pembeni ya bolti, dogo, linang'aa, juu ya injini ya moto. Weka mpya, ufunge geji hapo. Rudisha relei na betri, washa funguo bila kupiga stata, unganisha +B na Fp kwa kipande cha waya kwenye soketi ndogo ya ukaguzi iliyo chini ya boneti ili pampu izunguke, kisha kagua kila kiungo kwa tochi. Pakiwa pakavu, toa huo waya wa kuunganishia na uwashe injini.

Sasa namba. Chomoa mpira mwembamba wa regyuleta na uuzibe: geji inatakiwa isome kati ya psi 33 na 38. Urudishe: ishuke mpaka kati ya 27 na 31. Ukiwa na ile ya V6, 3VZ-E, namba zake ziko juu kidogo, kwa hiyo tafuta kitabu cha injini uliyonayo badala ya kuazima namba za jirani.

Tuseme mpira umeuchomoa na mshale umesimama kwenye 60. Mafuta yanayopita kwenye nozeli yanafuata kipeuo cha pili cha presha, na ukipiga hesabu, kutoka 38 hadi 60 ni ongezeko la karibu robo. Kila nozeli inapofunguka, robo zaidi! Sensa ya oksijeni inajaribu kuirekebisha kompyuta, lakini ina mipaka, na injini ikiwa baridi au ikikanyagwa mpaka mwisho haisikilizwi kabisa. Ndiyo maana plagi mpya zinarudi kuwa nyeusi. Ndiyo maana ukichomoa kijiti cha oili unasikia harufu ya petroli. Hizo nozeli zilizobadilishwa hazikuwa na kosa lolote.

Anza na mpira mwembamba, kwa kuwa ndio rahisi. Ukiuchomoa na kuurudisha mshale usitikisike, uvutaji haufiki kwenye regyuleta. Upinde katikati ya vidole urefu wake wote. Ufa hupenda kujificha mwishoni, pale unapokaa juu ya kichuchu. Unuse ndani pia. Ukikuta petroli humo, kiwambo cha regyuleta kimetoboka na injini inanyonya mafuta kwa mlango wa nyuma. Kuna mtego mmoja hapa: baadhi ya 22R-E zina vali ndogo ya umeme kwenye njia ya mpira huu, inayokata uvutaji kwa muda injini inapowashwa ikiwa ya moto sana, ili mvuke usiisumbue reli. Ukipima dakika hiyo utailaumu regyuleta bure. Subiri kidogo, tazama tena.

Mpira ukiwa mzima, zima injini, toa presha kama mwanzo, kisha chomoa mpira wa kurudia pale unapotoka kwenye regyuleta. Unganisha mpira mwingine mzima uelekee kwenye dumu la chuma lililo mbali na injini, msaidizi alilinde. Izungushe pampu kwa ule waya wa kuunganishia, injini ikiwa imezimwa. Presha ikirudi kwenye 33 hadi 38, regyuleta yako haina hatia na bomba la kurudia limeziba. Ikibaki juu vilevile, regyuleta imeganda, au waliiweka isiyo yake. Jaribio hilo moja ni hukumu. Linakutenga na kila aliyeligusa gari hili kabla yako.

Bomba likiwa limeziba, usimtume msaidizi. Lala chini mwenyewe. Fuata bomba la chuma kwa vidole kutoka injini mpaka tanki, kando ya chasisi. Pikapu hizi zimebeba mchanga, mkaa, ng'ombe na harusi. Zimeinuliwa kwa jeki mahali pasipo pake na kupigwa mawe ya barabara za vijijini. Tafuta palipobonyea. Mara nyingine bomba ni zima na aliyekosa ni kipande cha mpira karibu na tanki: nje laini na cheusi, ndani ngozi yake imevimba na kukutana. Kiligonge, kikate, kitazame kwenye mwanga. Ukibadilisha, usiweke mpira wa kabureta. Omba dukani ule wa mafuta ya nozeli, wenye maandishi 30R9 ubavuni, na klipu za kubana mzunguko mzima.

Regyuleta ikiwa ndiyo mbovu, haigongwi nyundo wala haifunguliwi kurekebishwa. Ya kiwandani haina pa kurekebishia. Nenda Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi ukiwa na ya zamani mkononi, linganisha umbo na namba, na ikishafungwa, pima tena kabla hujashusha boneti.

Huenda ukapima ukakuta presha iko sawasawa. Usivunjike moyo hata kidogo. Umeshaondoa pampu, regyuleta na bomba kwenye orodha ya washukiwa kwa kazi ya muda mfupi, na sasa unakwenda kwenye sensa ya joto la maji au mita ya hewa ukiwa na sababu. Mficha uchi hazai: anayeona aibu kusema "sijui bado, ngoja nipime" ndiye anayebadilisha vifaa mpaka mteja anafilisika.

Na hapa tuongee pesa, maana ndizo zinazowafanya mafundi wazuri wabahatishe. Wateja wetu wamezoea kulipia kifaa wanachokishika. Ukimwuzia pampu hanung'uniki, ukimwambia umetumia saa nzima kupima, anauliza, "Kwani umeweka nini, fundi?" Ukimkubalia, kesho utarudi kuuza pampu. Mwite karibu kabla hujafungua kitu. Mwambie, "Bosi, njoo uone mshale." Mwonyeshe 60. Tengeneza, kisha mwonyeshe 36. Halafu chukua kitabu cha risiti, mstari wa kwanza kabisa andika "kupima presha ya mafuta", weka bei yake, na umpe bila kuinamisha macho.