RUHUSA YA KUUA SI RUHUSA YA KUTESA
Nasaha ya Ijumaa juu ya panya ndani ya nyumba

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Ijumaa hii tunazungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda utalicheka: panya. Tunamsema yule aliye ndani ya nyumba yako hapa Mpala, anayetoboa gunia la unga wa muhogo usiku, anayekula ndagala ulizozianika juani, na anayekimbia juu ya chandarua mtoto akiwa amelala. Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, kisha useme kama jambo hili ni dogo.

Mwandishi wa karatasi hii anaanza na nafsi yake. Msimu wa mvua uliopita nilitega mtego wa chuma karibu na gunia. Usiku nikausikia umefyatuka. Panya alinaswa mguu badala ya shingo, akaanza kulia. Nikasema moyoni: atakufa mwenyewe, asubuhi nitamtupa. Nikajifunika shuka. Akalia, akanyamaza, akalia tena. Alfajiri nikaamka, nikachukua maji, nikapita kando yake kwenda kutawadha. Alikuwa bado hai, ameanza kuutafuna mguu wake mwenyewe ili ajinasue. Nikaenda kuswali. Ndani ya swala nikamtaja Mola wangu kwa majina yake ya rehema, kama tunavyomtaja katika kila rakaa, na moyo ukakataa kutulia. Usiku kucha kiumbe kilikuwa mikononi mwangu kikihitaji kitendo kimoja tu, pigo moja la haraka, nami nilikinyima kwa ajili ya usingizi. Kumtega hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kumwacha.

Ndugu yangu, hapo ndipo lilipo swali letu: je, kitu ambacho una haki ya kukiua, una haki ya kukifanya lolote utakalo?

HAKI YA MWENYE NYUMBA

Tuanze na haki yako. Uislamu haukuamrishi kumlisha panya na kuwanyima watoto. Mtume (s.a.w.) alimtaja panya pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali kuwa anauawa hata na aliye katika ihramu, hata ndani ya Haram ya Makka, mahali ambapo mawindo ya kawaida ni marufuku. Alimpa jina la fasiki mdogo, na wanavyuoni wakaeleza kwamba asili ya neno hilo ni kutoka: anatoka shimoni mwake kuja kudhuru. Alituamrisha tufunike vyombo na tuzime taa tunapolala, kwa kuwa panya aweza kuuvuta utambi akawachomea watu nyumba yao. Sisi tunaolala chini ya mapaa ya majani tunalielewa hilo bila kufasiriwa.

Na madhara yake ni ya kweli. Mkojo wake huchafua chakula na maji na kuleta maradhi. Viroboto wa panya ndio wanaobeba tauni. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alilionyesha hilo huko Karachi mwaka 1898. Tauni si hadithi ya zamani katika nchi yetu. Huko Ituri imerudi mara nyingi, na mwaka 2020 ilionekana tena katika zoni ya afya ya Rethy. Panya anapokufa kwa tauni, viroboto wake humhama na kutafuta damu nyingine, hata ya binadamu. Basi usione haya kumwondoa panya nyumbani mwako. Kuwalinda watoto wako ni ibada.

RUHUSA INA MPAKA

Lakini sikiliza vizuri. Mtume huyo huyo aliyeruhusu kumwua panya ndiye aliyetufundisha, kwa mapokezi ya Shaddad bin Aws (r.a.), kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu: tukiua tuue kwa wema, tukichinja tuchinje kwa wema, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Angalia, ndugu yangu, ametaja kuchinja na ametaja kuua pia. Kuchinja ni kwa mbuzi na kuku, wanyama tunaowala. Kuua ni kwa wengine wote, na panya yumo. Kwa hiyo hukumu ya kwanza inakwambia unaweza kumwua, na hukumu ya pili inakwambia utamwua vipi. Aliyeishika ya kwanza akaiacha ya pili ameshika nusu ya mafundisho.

Wako watakaosema: huyu ni fasiki, ameniharibia mali, anastahili. Ndugu yangu, panya hana dhambi. Hakuandikiwa swala wala amana. Alitoka shimoni kutafuta riziki kama wewe unavyokwenda ziwani na nyavu zako. Ukimwondoa kwa sababu anadhuru, umefanya haki. Ukimtesa ili umwadhibu, umemhukumu asiye na hesabu, na wewe si hakimu wake.

Tena hujui Mola ameweka nini ndani ya kiumbe unachokidharau. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, katika mji wa Morogoro, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa ugonjwa wa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza kwa mabomu aliyoyagundua, na akafa mwaka 2022. Wako watu wanaotembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu ya pua ya panya. Hatusemi umfuge anayekula unga wako. Tunasema usimtazame kiumbe wa Allah kama takataka yenye miguu.

JUU YA MOTO

Sasa tuzungumze juu ya jambo tunalolijua wote na hatulisemi. Watoto wanamkamata panya, wanammwagia mafuta ya taa, wanamwasha, wanamwachia akimbie. Watu wazima wanatazama na kucheka.

Ndugu Waislamu, jambo hili limekatazwa. Masahaba walipochoma kichuguu cha sisimizi, Mtume (s.a.w.) alipokiona aliwaambia kwamba kuadhibu kwa moto si kwa yeyote ila Mola wa moto. Na alitusimulia habari za nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamuru kiota kizima kichomwe, Allah akamlaumu kwa kuangamiza umma mzima unaomtukuza kwa ajili ya mmoja aliyeuma. Naye Ibn Umar (r.a.) alipita kwa vijana waliomfunga kuku wakimlenga kwa mishale, akawaambia kuwa Mtume amemlaani anayefanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Lililolaaniwa hapo ni kugeuza uchungu wa kiumbe kuwa mchezo.

Na kama hukuiogopa laana, ogopa paa lako. Panya anayewaka hakimbilii ziwani. Anakimbilia kwenye majani.

"WATU WAMEKUFA, NAWE UNASEMA PANYA?"

Tunajua kuna mzee atakayesoma hapa na kuweka karatasi chini. Atasema: mwanangu, katika Tanganyika hii tumeona watu wakiuawa. Mwaka 2016 na 2017 vijiji vilichomwa, watu wakajaa katika kambi za Kalemie. Leo unanililia panya?

Mzee wetu, shikamoo, na maneno yako ni mazito. Damu ya mtu mmoja haipimwi kwa panya wote wa dunia, na atakayekwambia ni sawa amepotea. Lakini tunakuomba ufikiri nasi. Mkono wa mtu hauanzi na jambo kubwa. Mtoto hujifunza kwanza juu ya kile kisichoweza kujitetea, kisicho na ndugu wa kukidai, ambacho hakuna atakayemlaumu kwa ajili yake. Hapo anajifunza moja kati ya mambo mawili: ama kwamba mnyonge aliye mikononi mwangu ni amana, ama kwamba kilio chake ni kichekesho. Hatusemi kila aliyechoma panya atachoma nyumba ya mtu. Tunasema sisi tulioona nyumba zikiwaka ndio wa mwisho tunaopaswa kucheka watoto wetu wakicheza na moto juu ya mwili ulio hai. Ikiwa mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie, kama alivyotuambia Mtume (s.a.w.), basi mlango wa kufungia viumbe si mdogo mbele ya Allah.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, funga kabla ya kuua. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu lenye upana wa kalamu ya risasi. Ziba matundu ya ukuta kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa, na mlango usiofika chini uongezewe ubao. Unga na ndagala viwekwe katika bati au ndoo yenye mfuniko. Ghala liinuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivishwe kipande cha bati kilichopinda kama mwavuli, ili panya asipande. Makombo ya bukari yafagiliwe usiku ule ule. Jike huzaa baada ya wiki tatu tu za mimba, watoto watano, sita au zaidi kwa mara moja. Ukiua bila kuziba, utaua mpaka uzeeni. Nyumba iliyofungwa vizuri ndiyo huruma ya kwanza, kwa watoto wako na kwa panya pia.

Pili, fuga paka. Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzungukia majumbani. Naye umlishe, usimwachie panya peke yao.

Tatu, ukitega, tega mtego wenye nguvu unaoua mara moja. Uweke kando ya ukuta, maana panya hupita kando ya ukuta, na chambo kiwe kipande kidogo cha ndagala au karanga. Utazame usiku kabla ya kulala na alfajiri kabla ya swala. Ukisikia umefyatuka, amka. Ukimkuta hai, mtie ndani ya mfuko mzito, umpige pigo moja zito la kichwa, umalize. Kama mkono wako unatetemeka, mwite mwingine. Ukikuta kiota cha vichanga ambao mama yao umemwua, usiwaache wafe kwa njaa. Nao wamalize haraka.

Nne, acha njia za mateso. Gundi inamshika panya hai akavunjika miguu, akafa kwa njaa na woga. Ndoo ya maji inamfanya aogelee mpaka nguvu zimwishe. Maji ya moto ni ndugu wa moto.

Tano, iogope sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, naye hufa baada ya siku kadhaa akivuja damu ndani ya mwili. Paka au kuku akiila, naye hudhurika. Na ule unga usio na jina unaouzwa katika vipakiti sokoni, mara nyingine ni dawa kali ya mashamba. Mtoto akiutia mdomoni, ni msiba. Usiuingize nyumbani.

Sita, ukimkamata hai ukataka kumwachia, mpeleke mbali na makazi ya watu. Kumtupa nyuma ya nyumba ya jirani ni kumhamishia jirani dhara lako, na jirani ana haki yake.

Saba, aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mshike kwa mfuko, mzike, nawa mikono kwa sabuni. Mkiona panya wengi wamekufa mtaani bila sababu, msiwaguse, peleka habari kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na panya akianguka ndani ya samli iliyoganda, Mtume (s.a.w.) alisema atolewe yeye na kilichomzunguka, kilichobaki kiliwe. Tazama dini yetu: haikuacha hata panya bila kumwekea hukumu.

MWISHO

Ndugu yangu msomaji, leo usiku, taa ikizimwa, utasikia kitu kikikwaruza nyuma ya gunia. Hakuna atakayekuona utakachofanya. Shehe hayupo, jirani amelala, na panya hana wa kumshtakia isipokuwa Yule uliyemwomba rehema katika swala ya Isha. Mlinde mtoto wako, linda unga wako, ua ukilazimika. Lakini ua kama mtu anayejua kuwa naye siku moja atakuwa mnyonge mikononi mwa Mwenye nguvu, na atatamani asicheleweshewe rehema.

Wazazi, Ijumaa hii mkirudi nyumbani, waiteni watoto, muwaambie jambo moja tu: panya hachomwi moto. Mkimaliza hilo, karatasi hii imefanya kazi yake.

Ewe Mola wetu, utujaalie nyumba safi, mikono yenye huruma na mioyo inayoamka inaposikia kilio, hata kilio kidogo. Utusamehe tulichokiacha kilie tukalala. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Ukiisha kusoma, mpe jirani yako naye asome. Usiitupe chini, ina majina ya Allah.)