Mguu wa Jirani Si wa Kuchekwa

Mwaka 2016 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha jambo lililogunduliwa katika damu ya watu wa wilaya ya Kyela, Tanzania. Watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mbeya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich walikuwa wamewafuatilia wanavijiji kati ya 2006 na 2011, wakiwapima na kuwauliza maswali ambayo mtu hamjibu hata ndugu yake wa tumbo moja. Wakaona kwamba mwenye minyoo ya matende, ugonjwa unaovimbisha miguu, mwilini huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha mara mbili ya asiye nayo, na tofauti hiyo haikuondoka hata walipozingatia mwenendo wa kila mmoja katika mambo ya ndoa na mapenzi. Kwa vijana ilikuwa kubwa zaidi. Wanadhani mnyoo huwaamsha askari wa mwili, na askari walioamshwa ndio ambao virusi huwaingia kwa urahisi.

Hii ni elimu kubwa, na imetoka kwa watu wetu walionyoosha mkono wakachomwa sindano. Leo nataka tuzungumze namna ya kuibeba. Habari ya aina hii ikifika kilabuni au kwenye gulio la Ipinda bila mtu wa kuieleza, hufupishwa kuwa maneno manne tu: mwenye tende ana UKIMWI. Neno hilo likishatoka, mama mwenye tende aliyeuza mchele hapo miaka yote ataona wateja wanapita pembeni ya meza yake, na hakuna atakayemwambia kwa nini.

Ndugu zangu, hesabu haisemi hivyo. Katika kila watu 100 wenye minyoo, walioambukizwa kwa mwaka mmoja walikuwa wawili hivi. Kwa wasio na minyoo hawakufika hata mmoja. Kwa daktari anayepanga kinga ya wilaya nzima, tofauti hiyo ni nzito. Kwako wewe jirani, maana yake ni kwamba watu 98 kati ya 100 wenye minyoo hawakupata virusi mwaka ule. Hapo huna haki ya kumhukumu yeyote.

Tena wengi wenye minyoo hawana uvimbe wowote. Minyoo ilionekana kwa kupima damu, si kwa kutazama miguu. Na mzee ambaye mguu wake umevimba miaka mingi huenda hana tena mnyoo hai hata mmoja: minyoo yake ilikufa zamani, ikaacha mishipa ya limfu imeharibika. Basi yule kijana mwenye miguu laini anayemcheka mzee barabarani, huenda yeye ndiye aliyebeba minyoo, na mbu wanaomuuma usiku wanaipeleka kwa watoto wa nyumba ya pili.

Mzaha wa busha, yaani uvimbe wa korodani unaoletwa na minyoo hiyo hiyo, ndio unaoniuma kuliko yote, kwa sababu tumeuzoea mpaka hatuoni kuwa ni ukatili. Mwanamume akivaa suruali pana, anapewa jina. Akichelewa kuinuka kwenye benchi, watu wanakonyezana. Akiacha kwenda kanisani, tunasema imani yake imepoa, kumbe anaogopa kusimama mbele ya watu wakati wa sadaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tumelishika neno hilo kumlaumu anayeficha. Mimi nalielekeza kwetu tulio nje ya mlango wake: nani alimfundisha kuficha? Upasuaji wa busha hufanywa hospitalini na mtu hurudi shambani kwake. Lakini ili afike huko lazima amwambie mtu mmoja kwanza, na kila tunapocheka tunampunguzia watu wa kuwaambia. Nanyi wachungaji, wa Moravian, wa KKKT na wengine wote, naomba mlitamke hili wazi madhabahuni: ugonjwa huu unaletwa na mbu, si adhabu ya dhambi, wala si kazi ya mchawi.

Sasa kingatiba, kwa kila mahali ambapo bado inagawiwa. Dawa zenyewe ni ivamektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka, bila malipo, na mgawa dawa anakuja na fimbo ya kupimia kimo ili ajue idadi ya vidonge. Wapo wanaopokea, wanaweka mdomoni, kisha wanatema nyuma ya nyumba. Nawasihi muache. Dawa hizi huwaua zaidi watoto wa minyoo walio kwenye damu. Minyoo mikubwa inaweza kuishi miaka kadhaa na kuendelea kuzaa. Ndiyo maana tunameza mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana tunameza wote tunaostahili. Anayetema amemdanganya mgawa dawa, lakini aliyemdhulumu ni mtoto wa jirani. Ukiwa na shaka, iseme hapo hapo, uulize, ujibiwe.

Nanyi wagawa dawa, msiwafiche watu. Semeni mapema kwamba wengine watapata homa, kichwa kitauma, ngozi itawasha siku moja mbili, kwa kuwa vijidudu vinakufa mwilini. Mtu asiyeambiwa hayo akiumwa usiku ataamini amelishwa sumu, na kesho yake kitongoji kizima kitakuwa kimeamini naye.

Juhudi hii ya kumeza dawa imezaa matunda. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa maambukizi ya minyoo Kyela yalishuka kutoka asilimia 35 hivi hadi chini ya asilimia 2 katika miaka 10. Ng'ambo ya Mto Songwe, ndugu zetu wa Malawi walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kuwa wametokomeza matende kama tatizo la afya ya jamii. Wana mvua kama zetu na mpunga kama wetu, kwa hiyo nasi tunaweza.

Kwa watafiti nina ombi moja. Matokeo yanayosomwa Ulaya yasomwe pia kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na mwenye swali apewe nafasi hata jua likizama. Aliyetoa damu yake hapaswi kusikia habari zake kwa walevi.

Na wewe kijana ambaye baba yako ameanza kukaa peke yake nyuma ya nyumba: usimuulize mbele ya wajukuu, wala usimtume mkeo. Mfuate wewe, kwa heshima, mkiwa wawili. Nenda naye zahanati, ukaombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Kama ni tende, hakikisha kila jioni ana maji safi na sabuni, mguu uoshwe taratibu, ukaushwe vizuri katikati ya vidole ambako vidonda huanzia, na anapolala uwekewe mto chini yake.