Mitutu Iliyogeuka Ala

Hapa Goma, chukudu, baiskeli zetu za mbao, zimeshapita barabarani na magunia ya makaa. Nasi tutafakari kidogo.

Katika mji mdogo wa Maihar, India, aliishi Ustad Allauddin Khan, fundi wa sarodi, ala ya nyuzi. Enzi zake, siri za muziki wa kale wa Kaskazini mwa India mara nyingi zilibaki ndani ya ukoo. Karibu mwaka wa 1918, maradhi ya mlipuko yaliacha yatima wengi. Mzee akawakusanya, akawafundisha, akaunda nao bendi. Akatwaa mitutu ya bunduki kuukuu, akaipanga kwa urefu: mfupi sauti nyembamba, mrefu sauti nzito. Ikigongwa kwa vijiti, inaimba. Alifariki mwaka 1972, na bendi ikaendelea.

Hapa kwetu bunduki tunazijua, na yatima tunawajua. Mama, baba, una ufundi wa cherehani, gitaa au useremala? Usimngoje mtoto wa tumbo lako tu. Mwite na wa jirani aliyebaki peke yake, anza naye leo. Akiba haiozi, lakini ufundi usiofundishwa huzikwa na mwenyewe.