Kumwuguza Mzee Aliyepigwa na Kiharusi

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, jueni, ndugu zangu, ya kuwa kiharusi si pepo. Ni mshipa wa damu uliozibika au kupasuka bongoni. Mdomo ukipinda na mkono ukilegea ghafula, mpelekeni mzee hospitali saa ile ile. Mafusho hayatazibua mshipa. Wala msimnyweshe maji kabla ya tabibu kumjaribu kumeza, yasije yakaingia mapafuni.

Akirudi nyumbani, msimfanye maiti. (Wako waonao aibu kumtoa barazani; sijui aibu ya nini.) Maadamu akili yake ipo, sala haijamwondokea: asiyeweza kusimama huketi, na asiyeweza kuketi hulala kwa ubavu. Basi mtawadhisheni, mketisheni, mmngojee amalize Fatiha yake, japo ulimi ni mzito. Na kiungo kilichopooza huweza kurudiwa na nguvu kwa kutumiwa kila siku.