Moshi wa Kweli katika Moto wa Mchezo

Wahenga walisema kuwa pafukapo moshi pana moto. Katika michezo mingi ya kompyuta methali hii imepinduliwa: moto upo, lakini moshi haupo. Miali hung'ara, chumba huonekana chote hata pembe zake, na mchezaji hutembea wima kama aliye sebuleni kwake. Je, mtunzi wa mchezo wa namna hii ametenda kosa lolote?

Yamkini mtu atajibu kuwa mchezo si shule. Na kwamba moshi ukichorwa kama ulivyo, mchezaji haoni kitu, na asiyeona hachezi. Hoja hii ina uzito. Moshi wa nyumba iunguayo ni giza, tena una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Aghalabu moshi huua watu kabla miali haijawafikia. Hupanda darini ukatanda, kisha ukashuka, hata hewa ifaayo kuvutwa ikabaki karibu na sakafu; ndiyo sababu anayetoroka moshi hushauriwa kutambaa. Katika chumba kilichofungwa moto hufifia kwa kukosa oksijeni. Mlango ukifunguliwa ghafula, hewa huingia na moshi wenyewe waweza kulipuka.

Mchezo uitwao Firefighting Simulator – The Squad, uliotolewa mwaka 2020, ulijaribu kuyatia mambo haya: mlipuko wa aina hiyo umo, na moto wa mafuta na wa umeme umo. Basi kweli na burudani si maadui wasiopatanika.

Naona iko tofauti kati ya kupunguza na kupotosha. Ramani hupunguza nchi, lakini haiweki kaskazini mahali pa kusini. Mtunzi akiupunguza moshi ili jicho lipate njia, hana lawama. Akimtunuku mchezaji afunguaye milango ovyo, au amwagaye maji juu ya mafuta yawakayo, amepotosha. Na mkono uliorudia tendo mara mia hauulizi, siku ya msiba, ulijifunza wapi.

Hata hivyo, kweli ya mchezo ina mpaka wake. Haina joto, wala haikabi koo. Ashindaye kila moto wa mchezo asidhani amekwisha kuujua moto. Kwa hiyo sifa kubwa ya moto huo ni kuwa tayari kumshinda mchezaji, ili atoke na hofu yenye maarifa. Hofu hiyo ni akiba: siku nyumba yake ifukapo moshi, itamwinamisha sakafuni na kumtoa nje.