Rangi Juu ya Kutu: Je, Kupamba Bato la Zamani ni Kudanganya?

Sisi watu wa Kindu tunaishi na mto. Lualaba imekata mji wetu vipande viwili: Kasuku na Mikelenge ng'ambo hii, Alunguli ng'ambo ile. Kila siku watu wanavuka. Wengine wanateremka mpaka Ubundu na mizigo yao, mchele, mawese, mbuzi, pamoja na watoto mgongoni. Ndiyo maana mambo ya bato si ya mafundi peke yao. Yanamhusu kila mtu anayetia mguu ndani.

Swali langu ni hili. Mtu ana bato la mota, la chuma, la zamani, alilorithi ama alilonunua kwa mwingine. Kiangazi kinafika, maji yanapunguka, analivuta kwenye mchanga. Analipaka rangi mpya, nyeupe na buluu, na jina anaandika kwa herufi kubwa. Bato linang'aa kama bibi-arusi. Je, mtu huyu amefanya kazi ya heshima, ama amesema uongo?

Wa kwanza kujibu watasema: rangi ni rangi tu, uongo unatoka wapi? Lakini tuangalie kazi yenyewe. Kutu haikai pahali pamoja. Inapenda zaidi ule mstari ambapo maji na hewa vinakutana, na pembe za ndani ambapo maji machafu yanalala. Ukipaka rangi juu yake bila kukwangua, unaifungia unyevu ndani. Inaendelea kula chuma polepole, na wewe huioni tena. Kwa hiyo fundi wa kweli anaanza na nyundo. Anagonga bamba moja moja: chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa kinajibu kwa sauti nzito, kama chungu chenye ufa. Palipooza anakata na kuchomelea kipande kipya. Halafu anakwangua kwa brashi ya nyaya mpaka chuma kionekane, anaacha kikauke, anapaka dawa ya kuzuia kutu, na mwisho kabisa ndipo rangi. Hata baleniere za mbao ni vilevile: kwanza kisu kinatafuta ubao uliolainika, kisha nafasi kati ya mbao zinazibwa, kazi ambayo ndugu zetu wa pwani wanaiita kukalafati. Rangi ni neno la mwisho la kazi ndefu.

Ndiyo kusema rangi ni ahadi. Inamwambia abiria: huku chini, usikoweza kuona, mimi nimeona kwa niaba yako. Mama anayepanda na mzigo wa mchele hawezi kupiga mbizi akague tumbo la bato. Anasoma rangi na kuamini. Kama kazi ilifanyika, rangi ile ni kweli. Kama haikufanyika, ni ushahidi wa uongo mbele ya watu ambao hawana namna ya kuuliza. Wazee walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Najua jibu la wenye mabato. Watasema: «Franka iko wapi? Bamba la chuma ni bei, na abiria wenyewe hawapandi bato chafu.» Maneno haya yana uzito. Vita na reli iliyochoka vimewaacha watu wa mto wafanye biashara kwa vyombo vilivyopaswa kupumzika zamani. Simlaumu maskini kwa kuwa na kutu. Lakini kuwa na kutu na kuificha ni mambo mawili. Asiye na bei ya bamba anaweza kupunguza mizigo, ama kuliacha bato na sura yake ya kweli ili anayepanda ajue anapanda nini. Umaskini unaeleza kwa nini bato limechoka. Hauelezi kwa nini abiria asiambiwe.

Na sisi abiria hatutoki bure. Tunakimbilia bato linalong'aa, tunabishana bei na yule aliyepoteza wiki tatu mchangani akigonga mabamba. Hivyo tunamfundisha kwamba kukwangua ni hasara.

Tuangalie mfano mmoja kutoka Ziwa Tanganyika, kule ambako njia ya reli ya Kindu inakutuma ukipitia Kabalo mpaka Kalemie. Wajerumani waliunda meli huko Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mwezi wa saba 1916, walipokuwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mota zake mafuta mazito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mota bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walifikiri wanaitunzia nchi yao. Kumbe mwaka 1997, miaka 81 baadaye, ni meli hiyohiyo iliyowarudisha wakimbizi wa kwetu kutoka Kigoma. Mafuta yale yalipakwa mahali ambapo hakuna jicho lingefika, wala hayakumpamba mtu. Lakini watu walivuka salama juu yake.

Katika kitabu hiki cha mila, naona swali linatugusa na sisi. Mila pia ni chombo cha kurithi. Siku ya sikukuu tunatoa ngoma na kuvaa raffia, tunang'aa. Je, tumegonga bamba moja moja, tujue lipi zima na lipi limeoza, kama zile desturi zinazomfukuza mjane nyumbani mwake? Rangi ya sikukuu haiwezi kuziba tundu hilo.

Naomba tuanzishe desturi ndogo. Kila kiangazi, bato likishakwanguliwa, libaki siku moja mchangani bila rangi. Atakayesafiri nalo aje na nyundo, agonge, asikilize. Mwenye bato aliyefanya kazi yake atafurahi kutuona.