Kutazama bure

Jumapili moja baada ya Misa, hapa Kasuku, vijana wa mafundisho walinizunguka chini ya mwembe. Mmoja wao, ambaye hupenda maswali kuliko majibu, akasema: "Mwalimu, wanasema huko Ulaya kuna nyumba kubwa za makumbusho ambazo mtu huingia bila kulipa. Ni kweli?"

Nikamjibu kwamba katika mji wa London ni kweli. Wakacheka wote. Kijana wa Kindu hakijui sana kitu cha bure: akitaka kuvuka Lualaba aende Alunguli hulipa mtumbwi, akitaka kutia moto katika simu yake hulipa, akinyolewa kichwa hulipa. "Basi," akasema yule kijana, "watu wale ni wema mno."

Hapo nilishindwa kumjibu upesi, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Nilikaa London miaka miwili, kwa kaka yangu, mtaa wa Tottenham. Usiku nilisafisha maofisi. Ijumaa moja ya mwezi wa pili sikuwa na kazi, na mfukoni nilikuwa na nauli ya basi tu. Kaka akaniambia, "Utakaa ndani mpaka lini? Nenda kwenye makumbusho. Hawakudai kitu, na mna joto." Nami nilikwenda kwa ajili ya joto, sitawadanganya.

Nilianza na National Gallery, nyumba ya picha iliyoanzishwa mwaka 1824. Nilitembea kutoka chumba hadi chumba nikistaajabu, maana vingi vya vyumba vile vimejaa watakatifu wetu. Bikira Maria yumo kila upande. Mwishowe nikasimama mbele ya picha ya Ubatizo wa Bwana, kazi ya Piero della Francesca wa Italia, aliyeishi miaka ya 1400 na kitu. Bwana amesimama mtoni, Yohane anammiminia maji, na njiwa mweupe yuko juu, mabawa yameenea kama wingu dogo. Picha ile haikuchorwa ili ining'inie katika nyumba ya Serikali. Ilikuwa picha ya altare, katika mji wa Sansepolcro, na Waingereza waliinunua mwaka 1861. Watu walikuwa wakipiga magoti mbele yake, na padri akiinua Hostia chini ya njiwa yule.

Mkono wangu uliinuka wenyewe kufanya ishara ya msalaba. Mlinzi akanitazama. Mkono ukashuka ukajifanya unakuna shingo. Niliona haya, kisha nikaona haya kwa sababu nimeona haya. Mwalimu wa dini amesimama mbele ya Ubatizo wa Bwana, naye anaogopa kuonekana mshamba!

Kutoka hapo nilipanda basi mpaka Victoria and Albert Museum, ambayo nayo ni bure. Nilikuwa nimesikia habari za kalisi iliyotoka Ethiopia, nikaitafuta mpaka nikaipata. Ni ya dhahabu, na imewekwa pamoja na taji ya dhahabu, ya namna inayotolewa kwa Kanisa. Historia yake si ya siri. Mfalme Tewodros aliwafunga Wazungu kadhaa. Serikali ya Malkia Victoria ikapeleka jeshi chini ya Jenerali Napier. Na siku ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1868, ngome ya Maqdala ikaanguka, naye mfalme akajiua kwa bastola yake. Baada ya hapo askari waliteka mali ya ngome pamoja na mali ya kanisa. Yasemekana walihitaji tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuibeba. Mtu wa British Museum alikuwamo msafarani, naye alinunua vitu palepale kwenye mnada wa askari. Hata mkubwa wa Serikali ya Uingereza, Bwana Gladstone, alisimama bungeni mwaka 1871 akasikitika kwamba vitu vile vililetwa.

Kando yangu msichana wa shule alikuwa ameketi sakafuni akiichora kalisi ile katika daftari lake, ulimi nje, kwa uangalifu mkubwa. Nilimpenda mtoto yule. Kama mlango ungekuwa wa kulipia, labda asingekuwapo, na mimi hakika nisingekuwapo. Kwa hiyo sisemi kwamba mlango wa bure ni mbaya. Wala simcheki mtu asemaye kwamba huko vitu vimehifadhiwa vizuri. Mchwa wa Maniema sina haja ya kuwaeleza, na vita vya miaka ya 1996 hadi 2003 vilichoma vitu vingi kuliko mchwa. Lakini nilimtazama mtoto yule, nikatazama ukingo wa kalisi, nikafikiri: midomo ya mapadri iligusa hapa, na Damu ya Bwana ilikuwa humu. Je, yeye anachora nini? Anachora kikombe.

Jioni nilifika British Museum, kwa kuwa siku ya Ijumaa huchelewa kufungwa. Nyumba hii iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1753, ikafunguliwa mwaka 1759, na tangu mwanzo walisema isiwe ya kulipia. Ilianza na vitu alivyokusanya mganga mmoja tajiri, Hans Sloane; na sehemu ya utajiri wake ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaika, mali ya mkewe, yaliyolimwa na watumwa Waafrika. Sisi wa Maniema, ambao mababu zetu walitiwa minyororo Nyangwe na Kasongo, twaweza kuelewa hesabu hiyo bila kalamu. Mlangoni hatulipi, kwa sababu wako waliokwisha kulipa.

Nikashuka chini, kwenye vyumba vya Afrika. Nikamwuliza mlinzi mmoja, mama wa Kiafrika, kama naweza kuziona tabot za Ethiopia. Wasomaji wengine hawajui neno hilo. Tabot ni bamba la mbao au la jiwe, lililobarikiwa, linalosimama badala ya Sanduku la Agano; kanisa la Waethiopia lisilokuwa nayo haliwi kanisa. Mnaweza kufikiri jiwe la altare yetu lenye masalia ya mashahidi, ingawa kwao heshima yake ni kubwa zaidi, maana mlei haruhusiwi hata kuiangalia. British Museum inazo tabot 11, nyingi zao za Maqdala.

Yule mama akatabasamu. "Hizo, mwanangu, hata wakubwa wetu hawazioni."

Na ndivyo ilivyo. Zimefungiwa chumbani, hazipigwi picha, hazionyeshwi. Mapadri wa Ethiopia tu ndio wanaoweza kuingia. Nyumba nzima yenye mamilioni ya vitu imejengwa ili watu watazame. Kumbe kuna chumba kimoja ambamo imekubali kwamba kutazama ni kosa! Nilisimama pale nikafurahi kwa ajili ya Waethiopia, ingawa nilijua kwamba kwao furaha si hiyo. Wao wanataka tabot zirudi. Mwaka 2002 tabot moja ilirudi, baada ya padri wa kanisa la Mtakatifu Yohane huko Edinburgh, la Waanglikana, kuikuta katika kabati la kanisa lake mwenyewe. Hakuita mkutano wa wataalamu kujadili miaka hamsini.

Kabla ya kutoka nikapita dukani, kwa sababu huwezi kutoka bila kulipitia duka. Mle nikaona kitabu kikubwa cha picha juu ya sanaa ya Kongo. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa usiku mmoja. Nikakifungua katikati, nikakutana na watu wa kwetu.

Mama yangu ni Mlega wa Pangi. Baba yake alikuwa mtu wa bwami, wa daraja la kindi, ambalo ndilo la juu. Na mkewe, bibi yangu, alikuwa kanyamwa. Watu wa kindi walikuwa na sanamu ndogo za pembe ya ndovu, zinazoitwa maginga. Hawakuziweka wazi. Zilikaa mfukoni, zikatolewa siku ya sherehe mbele ya wale waliokwisha ingizwa, zikapakwa mafuta, na kila moja ikasemewa methali yake. Maana sanamu bila methali ilikuwa bubu. Katika kitabu kile palikuwa na Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, aonaye pande zote kama mzee mwenye hekima anayeamua shauri. Chini yake ziliandikwa sentimeta zake. Methali haikuwapo.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji iliipiga bwami marufuku. Babu alificha mfuko wake. Aliutoa baadaye, muda mfupi kabla ya Mulele, yaani kabla ya mwaka 1964, alipokuwa akijitayarisha kwa Ubatizo. Mtu mmoja mpita njia aliuchukua kwa chumvi na vitambaa. Na aliyemshauri babu autoe, aliyemwambia kwamba hawezi kuingia mtoni mwa Kristo huku ameshika mfuko ule, hakuwa Mzungu. Alikuwa katekista, mtu wa kazi yangu.

Sasa mwaona kwa nini nilishindwa kumjibu yule kijana. Mwenye nyumba akikufungulia mlango wa jirani uingie utazame, wema wake ni wa namna gani? Hakukupa kitu chake. Hilo ni rahisi kulisema juu ya Waingereza. Lakini nilijiuliza pia, kwa nini tabot zimefungiwa kwa heshima na maginga yako kitabuni kwa kila mtu? Pembe ya ndovu si duni kuliko jiwe. Tofauti ni kwamba Waethiopia hawakunyamaza; mpaka leo wako mapadri wanaosema, hiki ni kitakatifu, msikiangalie. Wazee wetu walikuwa nao wa kusema, nasi tukawafundisha kuona haya, kama mimi nilivyoona haya asubuhi mbele ya njiwa.

Msinielewe vibaya. Simfundishi mtu kwamba bwami yaokoa. Amri ya kwanza ninaifundisha kila mwaka, na ninaiamini. Lakini Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, umetukataza kuyatupa yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini za watu. Yule katekista alibatiza kabla ya hati hiyo. Mimi nimezaliwa baada yake, na sijawahi kumwuliza mzee yeyote wa Pangi methali moja.

Dukani nilipiga picha ya ukurasa ule kwa simu, haraka, mwuza duka akiwa amegeuka. Ndiyo, nami nilitwaa bila kulipa.

Usiku nikampigia mama, Kindu, nikamweleza yote, mpaka vile vichwa vingi. Alikuwa mtoto wa miaka kama sita mfuko ule ulipoondoka. Hawakuruhusiwa kuugusa, anakumbuka tu mahali ulipotundikwa, na harufu yake. Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza:

"Na huko, ni nani anayevipaka mafuta?"

Nikaitazama tena picha ile. Pembe ilikuwa imekauka, yenye ufa mwembamba kutoka kichwa cha kwanza mpaka chini.